Thuluthi ya Bibi

Mvua imenyesha tangu adhuhuri. Nilikuwa nikipanga sanduku la marehemu bibi, na chini ya leso zake nikakuta kijitabu cha Katiba Pendekezwa ya Kenya, kile tulichogawiwa kabla ya kura ya maoni ya Agosti 4, 2010. Jalada limeng'oka pembeni na ukurasa mmoja una doa la chai.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea. Maandishi yalikuwa madogo, na miwani yake ilikuwa imefungwa uzi upande mmoja. Baada ya magharibi tulikaa barazani, nikasoma ibara mbili tatu, naye akinikatiza kila mara. Tulipofika Ibara ya 81, pale panaposema wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, akaniambia, "Rudia hapo, mwanangu." Nikarudia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi thuluthi yetu imeandikwa."

Neno hilo alilijua kuliko mimi. Babu hakuacha mali nyingine ila shamba la minazi, na aliusia karibu nusu yake iwe ya msikiti. Warithi hawakuridhia, na kwa sheria ya Kiislamu wasia bila ridhaa yao haupiti thuluthi. Wazee wakaenda shambani wakahesabu minazi 90, wakafunga kamba kwenye 30. Bibi alisimama pale akiangalia mpaka kamba ya mwisho. Kwake, thuluthi ni kitu kinachohesabiwa, mti kwa mti, na mwenye haki yake huondoka nacho siku hiyo hiyo.

Desemba 11, 2012, Mahakama ya Juu ilitoa ushauri wake. Mwanasheria Mkuu alikuwa ameuliza kama kanuni ile ya Ibara ya 81 inaanza na uchaguzi wa Machi 2013 au itatimizwa hatua kwa hatua. Majaji walio wengi wakasema hatua kwa hatua, na Bunge liwe limetunga sheria ya kuitimiza kufikia Agosti 27, 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga peke yake ndiye aliyekataa. Alitazama historia ya wanawake wa nchi hii kunyimwa nafasi, akaona haki hiyo haikuwekwa ili ingojee. Nilipomweleza bibi, aliuliza swali moja tu: "Hatua ngapi?"

Tangu hapo, nikisikia watu wakibishana juu ya nia ya watunzi wa katiba, huwa najiuliza mtunzi ni nani. Tume ya Yash Pal Ghai iliyozunguka nchi ikikusanya maoni? Wajumbe wa mkutano wa katiba wa Bomas? Kamati ya wataalamu iliyoandika rasimu? Au wabunge waliojifungia Naivasha Januari 2010 wakauacha mfumo wa waziri mkuu, tukabaki na wa rais? Kila mmoja alikuwa na lake. Naona nia inayofaa kutafutwa ni ya waliopiga kura, zaidi ya watu milioni 6 waliosema ndiyo, kwa maana bila wao rasimu ingebaki karatasi.

Najua jibu hilo lina shida. Bibi mwenyewe alifurahia zaidi mahakama za kadhi, na wapo waliosema la kwa sababu ya mahakama hizo hizo. Wengine walitaka kaunti tu. Huwezi kuzikusanya nyoyo milioni 6 ukapata nia moja, na Ibara ya 259 haiwaambii majaji wafanye hivyo. Inawaambia waisome katiba kwa njia inayoendeleza madhumuni na maadili yake, na kwamba sheria huzungumza daima. Hilo nalikubali kwa moyo wote. Zipo ibara ambazo wajukuu zangu watazielewa kwa upana ambao bibi hakuuwaza. Lakini hesabu haipanuki. Palipoandikwa thuluthi, aliyesikia thuluthi hakukosea.

Ibara hiyo hiyo ya 259 ina mstari unaoniuma: tafsiri za lugha mbalimbali zikigongana, ile ya Kiingereza ndiyo inayoshinda. Naipenda katiba hii, na naelewa kwamba majaji wanahitaji maandishi mamoja ya kutegemea. Ila bibi aliipigia kura kwa Kiswahili, na laiti kungekuwa na neno lililogongana, alichokielewa yeye pale barazani kisingehesabiwa.

Wanawake waliochaguliwa kuwakilisha majimbo ya ubunge, kati ya viti 290, walikuwa 16 mwaka 2013, 23 mwaka 2017 na 29 mwaka 2022. Septemba 21, 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ile. Halikuvunjwa. Bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Pembeni mwa Ibara ya 81, juu kidogo ya lile doa la chai, kuna mstari wa penseli aliotaka niupige usiku ule. Umefifia, lakini unaonekana ukikiinamisha kijitabu kwenye mwanga.