Siku moja maishani mwangu: kambi ya lugha na harusi, Igombe

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Ninaamkia katika darasa la shule ya msingi lililogeuzwa bweni la wasichana, hapa Igombe, pembezoni mwa jiji la Mwanza, na kabla kengele haijagongwa nimekwisha kutoka nje kuangalia Ziwa Victoria. Mitumbwi ya dagaa yote imevutwa mchangani. Wiki hii mwezi ni mpevu, na dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda, taa hupoteza nguvu na wavuvi hupumzika nchi kavu. Ndiyo sababu kambi yetu tuliipangia wiki hii, na ndiyo sababu pia harusi ya binti wa mzee wa kanisa imepangwa leo: vijana wapo, wajomba wapo, na wenye mitumbwi wapo. Juni shule zimefungwa, mpunga umevunwa na pamba imeanza kuuzwa, kwa hiyo katika pwani hii ni shida kuipata Jumamosi isiyo na maturubai.

Kazi yangu ya kila siku ni kuwafundisha Kiswahili wamisionari wanaotumwa na makanisa ya nje kuja kuhudumu Kanda ya Ziwa. Likizo ya Juni ikifika ninakuwa mratibu wa kambi ya lugha ya vijana, na wanafunzi wangu hao wa Kizungu na wa Kikorea ndio wanaokuwa walimu wa Kiingereza. Leo ni siku ya mwisho.

Saa moja asubuhi

Uji wa ulezi, sala fupi, mahudhurio. Kijana mmoja anaumwa tumbo na amepelekwa zahanati na mlezi wa zamu.

Saa mbili hadi saa nne

Mtoto wa huku huzungumza Kisukuma, Kikerewe au Kijita nyumbani, husoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha akiingia kidato cha kwanza anakuta jiografia, fizikia na hisabati vyote viko kwa Kiingereza. Wengi wanaoitwa wazito wa kuelewa si wazito hata kidogo, wamenyamazishwa tu. Upande wa pili yuko mmisionari aliyesomea theolojia miaka mingi, ambaye hawezi kuuliza bei ya fungu la nyanya bila kushikwa mkono. Nimeona kambi ambazo mgeni husimama ubaoni na vijana wakaitikia kwa pamoja, na sikuwahi kuona kijana akitoka humo akiwa na ujasiri wa kusema. Hapa kwetu kila kijana huketi na mgeni mmoja: dakika 20 za Kiingereza, kisha dakika 20 za Kiswahili, na asiyejua ndiye anayeuliza.

Asubuhi hii ninazunguka nikisikiliza. Chini ya mwembe, kijana wa kidato cha tatu ambaye likizo zake huzimalizia katika mtumbwi wa baba yake mdogo akikumba maji, ameketi na mmisionari kijana kutoka Marekani, na wavu umetandazwa juu ya magoti yao wote wawili. Kijana anaeleza kwa Kiingereza jinsi taa inavyoshushwa majini na dagaa wakakusanyika, na anapokwama anaonyesha kwa mikono, kisha anaanza sentensi upya kwa sauti kubwa zaidi. Zamu inapogeuka, anamkabidhi mwenzake sindano ya kushonea nyavu na kumtaka aeleze kwa Kiswahili kila anachokifanya. Yule mgeni anapitisha uzi, anakaza, fundo linateleza. Anaambiwa arudie kufunga na arudie kusema. Kijana hamwonei huruma wala hamcheki. Anamsubiri, jinsi mwalimu mzuri anavyosubiri, na jicho la wavu linapofungwa barabara wanahamia la pili.

Kila mgeni mpya ninamsimulia yaliyotokea katika ziwa hili. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifika Kageye, pwani hii hii ya kusini, mwaka 1877, na kabla mwaka huo haujaisha wawili kati yao, Shergold Smith na Thomas O'Neill, waliuawa Ukerewe baada ya kujikuta katikati ya ugomvi wa Mtemi Lukonge, mtawala wa huko, na mfanyabiashara Songoro. Siwasimulii ili kuwatisha. Ninataka wajue kwamba anayeingia nyumba ya watu anaingia pia katika mambo ya nyumba hiyo, ayaelewe asiyaelewe, na kwamba kukaa na kijana chini ya mwembe ni sehemu ya utume wenyewe.

Saa nne hadi saa sita mchana

Huu ndio muda ninaoupenda kuliko yote: mdahalo. Kwa kuwa jioni tunakwenda harusini, tumechagua mahari. Vijana watazungumza Kiingereza na wamisionari watazungumza Kiswahili, wala mimi sitafasiri chochote.

Dada mmoja mmisionari anaeleza kwamba kwao maharusi huandika orodha ya wageni wao, na gharama hubebwa na wao wenyewe au na wazazi. Kijana wa nyuma anasimama kuuliza: na majirani je, wanafanya nini? Hakuna kamati? Hakuna anayeahidi mchele, hakuna anayekopesha sufuria? Dada anafikiri kidogo, kisha anajibu kwamba majirani huenda hata wasijue. Darasa zima linanyamaza, na nina hakika ni kwa kumhurumia.

Kisha mgeni mwingine anauliza swali ambalo wageni wote hulibeba moyoni na wachache hulitamka: je, ng'ombe wa mahari hawamfanyi binti aonekane amenunuliwa? Anayejibu ni msichana wa kidato cha nne, mpole, ambaye kwa siku za mwanzo za kambi sikuwahi kuisikia sauti yake. Anasema, kwa Kiingereza chake kinachokwenda polepole, kwamba dada yake alipopigwa na mumewe akarudi nyumbani, wazee wa ukoo walipata nguvu ya kumwita yule mume kwa sababu ng'ombe walikuwa wamepokelewa mbele ya mashahidi na pande zote mbili zilikuwa zimefungwa na neno lao. Halafu anaongeza kwamba hata hivyo yeye angependa ng'ombe wawe wachache, na asiwepo mtu wa kuwahesabu mbele yake. Hakuna aliyejibu haraka, na ni vizuri hivyo. Mimi ninaamini mahari ikiwa ni kiungo cha undugu ni jambo jema, na ikigeuzwa bei ni dhambi. Na nimewahi kuona washenga wakivutana kwa majadiliano hadi binti akalia chumbani. Wamisionari wanaotulaumu bila kusikiliza wanakosea, nasi tunaojitetea kwa kila jambo tunakosea vilevile.

Saa saba hadi saa nane na nusu

Wali, maharage, kuoga kwa zamu, pasi moja ya mkaa kwa bweni zima.

Saa tisa alasiri

Ibada ilitangazwa kuanza saa nane na inaanza sasa, wala hakuna aliyeshangaa isipokuwa wageni. Matarumbeta yametangulia juu ya gari la wazi, maharusi wanafuata, watoto wanakimbia pembeni. Mmisionari wetu mmoja, ambaye ni mchungaji kwao, ameketi pamoja na wazee na si madhabahuni. Nilimweleza mapema kwamba kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kiongozi wa dini hufungisha ndoa akiwa na leseni ya serikali, na kusudio la ndoa hutolewa taarifa siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi apate nafasi ya kusema. Ameipokea vizuri hali hiyo. Nadhani amefaidi zaidi kukaa katikati ya wazee, maana hao ndio wanaomnong'oneza nani ni shangazi wa nani, na kwa nini upande wa bwana harusi umekaa mbele kiasi kile.

Saa moja jioni

Chini ya maturubai, mshereheshaji ameshika usukani. Jambo la mchango lilitusumbua wiki nzima: wageni waliuliza watoe kiasi gani, na mmoja alitaka kulipia ndafu peke yake. Nilimzuia. Nilimwambia atoe kama anavyotoa jirani mwenye kipato cha kawaida, aandikwe katika daftari la kamati kwenye mstari kama wengine, kwa sababu siku atakapolipa ndafu nzima atakoma kuwa jirani na kuwa mfadhili, na mfadhili hukaribishwa meza kuu lakini haambiwi kitu.

Wakati wa zawadi, akina mama wanapanga foleni na kuingia wakicheza, mabeseni kichwani, vitenge vikipeperushwa. Dada wa Kikorea yumo katikati yao. Beseni lake lina vikombe na sahani, na mama aliye nyuma yake anamshika kiuno kumwonyesha hatua: mguu wa kulia, simama, wa kushoto, simama. Anafika mbele bila kuangusha kikombe, anapiga goti kidogo kwa mama mkwe, na kusema maneno ya heri tuliyoyafanyia mazoezi, akiongeza sentensi moja ambayo mimi sikumfundisha. Mama mkwe anamvuta na kumkumbatia. Juzi tulipowapeleka vijana kwenye makumbusho ya utamaduni wa Kisukuma ya Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na Padre David Clement kutoka Kanada, nilisimama ndani ya lile kanisa lililojengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma nikawaza ni saa ngapi za kukaa na watu, ngomani na misibani, zilitangulia kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Saa tano usiku

Vijana wamehesabiwa na kurudishwa mabwenini. Ninaandika taarifa ya kambi kwa kanisa lililotuma wageni, na ninapigania jambo moja: wanaokuja mwakani wasije kwa wiki mbili tu, waje kwa miezi, na wafike Kiswahili chao kikiwa kimeanza. Katikati ya kuandika, mwenyekiti wa kamati ya harusi ya leo anagonga mlango. Kuna harusi nyingine mwezi ujao, ya mtoto wa mdogo wake, na wazee wamependekeza yule kijana wa Kimarekani awe msaidizi wa mweka hazina. Nimemwambia aende kumwomba mwenyewe, kwa Kiswahili, bila mimi kuwepo. Kikao cha kwanza ni Jumanne, saa kumi na moja jioni.