Mbuyu wa Kaole na Umri wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu aliamini kwamba umri unagawiwa. Hakufundishwa na mtu, aliliona kwa macho yake Dar es Salaam, Agosti 1991, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya binamu yetu wa Ilala. Asubuhi binamu alikuwa na miaka sita. Jioni ikaletwa keki, ikawashwa mishumaa saba, akaipuliza, watu wakapiga makofi, na mama mdogo akatangaza mbele ya wageni kwamba mtoto sasa ana miaka saba na Januari anaanza shule. Kwenye basi la kurudi Bagamoyo mdogo wangu alinyamaza mpaka tukaukaribia mji, ndipo akaninong'oneza: "Dada, kwetu keki inaletwa lini?"

Kwetu keki haikuwahi kuletwa. Siku ya kuzaliwa ilipita pamoja na siku nyingine. Bibi akiikumbuka alikuombea dua na kukupa kashata, basi. Kwa hesabu za mdogo wangu hilo lilimaanisha kwamba nyumba nzima tumekwama, kila mtu kwenye umri aliokutwa nao, na aliyekwama muda mrefu kuliko wote ni Bibi. Alimhurumia kwelikweli. Nilimkuta siku moja akimwuliza kama anachoka kuwa bibi kila siku.

Oktoba ukafika uandikishaji wa darasa la kwanza. Sheria ya Elimu ya 1978 ilitaka mtoto aanze na miaka saba, lakini vyeti vya kuzaliwa walikuwa navyo wachache, na kadi za kliniki, nyingi zilikuwa zimeliwa na mchwa au zimelowa mvua. Ya mdogo wangu ilikuwa miongoni mwa hizo. Kwa hiyo walimu walitumia kipimo kilichojulikana nchi nzima: mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya utosi, ashike sikio la kushoto. Vidole vya mdogo wangu viliishia juu kidogo ya sikio. Akainamisha kichwa ili sikio limfuate mkono, mwalimu akamnyoosha shingo, akasema arudishwe Januari, huenda atakuwa ameongezeka.

Neno hilo, ameongezeka, ndilo alilotoka nalo pale.

Nyumbani likazuka jingine. Bibi alisema mtoto kaonewa, kwa sababu kazaliwa usiku wa Maulidi, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa Mfungo Sita, na Maulidi ya saba tangu pale yalikuwa yamesomwa Septemba, mji mzima umekula pilau. Baba akasema hapana, usiku ule ulikuwa Desemba 1984, miaka saba haijatimia. Walibishana kwa heshima, Baba akianza kila sentensi na "Mama, samahani." Mimi nilikuwa darasa la tano na nilitamani mmoja wao awe amekosea, lakini wote walikuwa sawa. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa kalenda ya ukutani kwa siku kama kumi na moja. Ukizijumlisha kwa miaka saba unapata miezi miwili na nusu, na ndani ya miezi hiyo ndimo mdogo wangu alimokuwa amesimama: kwa Bibi ana saba, kwa Baba ana sita, kwa mwalimu hana hata mmoja mpaka mkono ufike.

Alisikiliza yote akiwa nyuma ya mlango, na alichoelewa yeye ni kwamba miaka yake imetawanyika kwa watu, lazima aitafute mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata Bibi alitutuma Kaole kumpelekea shangazi wa Baba mchele. Ni kilomita kama tano kusini mwa mji, njia ya minazi. Tulipotoka kwa shangazi tukapitia magofuni, kama tulivyozoea. Magofu ya Kaole ni ya tangu karne ya 13: misikiti miwili ya mawe ya matumbawe, makaburi mengine yenye nguzo ndefu, na kisima ambacho maji yake hayana chumvi, ingawa bahari iko karibu. Ilikuwa bandari ile. Tope likajaa, mikoko ikaota, majahazi yakahamia Bagamoyo. Naipenda mno sehemu hiyo mpaka leo, kwa ule ukimya wake wa mchana, na kila nikienda nyumbani lazima niende nikasalimie makaburi.

Pana mbuyu pale unaosemekana kuwa na miaka 500. Siku ile mzee mlinzi alikuwa akiwahadithia wageni wawili habari zake: anayeuzunguka huongezewa miaka, anayebandua gome lake hupunguziwa. Wageni wakacheka, wakauzunguka, wakaondoka zao. Mdogo wangu hakucheka. Alisubiri mzee aende kivulini, akavua ndala, akaanza.

Alizunguka raundi moja, akasimama, mkono juu ya kichwa. Bado. Akazunguka ya pili. Bado. Nilimwita twende, akaninyooshea kiganja nisimkatishe. Raundi zikaendelea, kila moja na kipimo chake, jasho linamtoka, na kusema kweli mimi mwenyewe nilianza kuuangalia ule mkono kwa hamu. Mwisho kidole cha kati kikagusa ncha ya sikio. Sijui kama ni shingo aliilaza au ni kwa kuchoka tu. Alipiga ukelele mzee mlinzi akageuka.

Kisha nikamwona anajishika kidevu. Akakipapasa huku na huku, akatazama vidole vyake kama kuna kilichonata.

"Dada, nimezungusha ngapi?"

Sikujua. Hata yeye hakujua.

"Nimezidisha," akasema, macho yamemtoka. "Nikifika thelathini hawanipokei shule. Watanipeleka kazini na Baba."

Na kabla sijamjibu akaurudia mti, akapenyeza ukucha, akabandua kipande cha gome. Kwake ilikuwa dawa ya wazi kabisa: umezidisha, punguza. Lakini mimi nilikuwa mkubwa wa kutosha kuelewa kupunguziwa miaka ni kufanywa nini, na mwili wote ulinisisimka. Nilimkamata mkono, tukakimbia. Kilomita tano zile sizikumbuki hata kidogo, nakumbuka kiganja chake kimefumba gome na mimi nikimsomea Ayatul Kursi kwa sauti, nikikosea kila mahali.

Bibi alikuwa barazani anasuka ukili. Nilimwaga habari yote nikilia. Akatwambia kwanza tukanawe uso. Tuliporudi, akanigeukia mimi.

"Mke mwenzangu, uhai wa mtu ameuandika nani?"

"Mwenyezi Mungu."

"Basi mbuyu hauna kalamu."

Hayo yakanitosha. Lakini alijua hayatamtosha mdogo wangu, maana tatizo lake halikuwa langu. Akamkalisha karibu, akaomba lile gome, akalipima kwa vidole kwa makini yote aliyotumia kupima hiliki sokoni.

"Mume wangu, raundi ulizozunguka zimekuongeza?"

"Zimeniongeza."

"Na gome hili limekupunguza?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi ulichopata umekirudisha. Uko ulipokuwa asubuhi, na Januari utakuwa unapotakiwa uwe."

Aliikubali hesabu hiyo palepale, akajishika kidevu mara ya mwisho, akaomba chakula. Januari kweli alipokewa, sikio limeshikwa bila kulaza shingo, na alimweleza mwalimu wake mambo ya Kaole kwa kirefu. Watu wazima walicheka sana walipoyasikia. Mimi sikucheka nao, na sasa nalea wanangu ndiyo sicheki kabisa. Mtoto ameona mwenzake akipewa saba kwa keki, ameambiwa kwa Maulidi ana saba, kwa Desemba bado, kwa sikio bado; yeye alichofanya ni kuamini kila alichoambiwa, akaenda kukitekeleza kwa miguu yake.

Usiku ule tulilala kwa Bibi, kitanda cha kamba, yeye katikati. Nilidhani mdogo wangu amesinzia.

"Bibi, wewe ulisoma darasa la ngapi?"

"Mimi nilisoma chuoni, Kurani. Shule yenu hiyo sikwenda."

Akanyamaza kidogo.

"Kesho nirudi Kaole nikakubandulie magome mengi. Upungue mpaka saba, tuanze wote darasa la kwanza. Tutakaa dawati moja."

Bibi akamvuta karibu. "Na uji wa asubuhi atakupikia nani, mume wangu, na mimi ni wa saba?"

Ilimchukua muda. Nilikuwa nimeanza kusinzia nilipomsikia:

"Pika kwanza, halafu ndiyo upungue."