Nilipakua badala ya kupakia

Mi ni mtoto wa Bwera, Uganda, mpakani na Congo, pale ukiamka tu unasikia makuli wa Mpondwe wanapigiana kelele kwenye malori ya Congo, pakia hii, pakua ile. Maneno nilikuwa nayajua toka utotoni na ndo yaliyoniponza.

2011 nilikuwa naomba chuo, siku ya mwisho kabisa, cheti kimeshaskaniwa kiko kwenye flashi, nimekaa kwenye kafe moja Kasese karibu na stendi ya taksi. Ukurasa una vitufe viwili, kimoja mshale unaangalia juu kingine chini, juu ndo aplodi, yani kupakia, chini ndo dawunlodi, yani kupakua. Nikawaza, mzigo si uko kwangu, nautoa kwenye flashi nawashushia wao, si ndo kupakua huko? Nikabofya wa chini. Kimya. Nikabofya tena na tena, na dakika zinahesabiwa hela.

Nikamwita kijana wa kafe, mtu wa Beni kule Congo. Akafungua folda, fomu tupu sita zimejipanga, fomu, fomu (1), hadi fomu (5). Akacheka.

"Yaya, weye unawaomba fomu, hautumi kitu."

Nikamletea hoja yangu ya lori, jamaa hata hakujibu, akaonyesha mama wa chakula ng'ambo ya barabara. "Sufuria iko ya ule mama, sahani iko yako. Akipakua, chakula inatoka kwake inakuja kwako. Sasa weye sahani imejaa na bado unasema pakua."

Aah. Kumbe sufuria, sio lori.

Nikabofya wa juu, na hapo tabu mpya, faili la megabaiti 4 na modemu yenyewe kupandisha ilikuwa kama kilobiti 64 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, yani piga hesabu ni dakika nane na kitu, kama umeme haujakatika, na Kasese enzi hizo nani angekuahidi hivo. Fomu zilishuka chap sababu njia ya kushusha huwa wanaiachia nafasi kubwa, watu wengi wanachukua kuliko kutuma. Kijana akakipunguza cheti hadi kilobaiti 300, haikufika hata dakika, kikaenda.

Nililipa elfu tatu. Zile fomu sita sikuzifuta, zilikaa kwenye flashi hadi siku ilipoibiwa.