Kuti la Mikokoni

Nimerudi Konde jioni hii, matope mpaka magotini, gunia begani. Shangazi kalitazama gunia, kanitazama na mimi.

"Mwanangu, hayo ndiyo uliyosomea?"

Ndiyo hayo. Gunia zima ni kangaga, lile kubwa la mikokoni. Nimeyatandaza barazani baina ya magazeti ya zamani na kuyakandamiza kwa matofali, ila moja limenizidi kimo na itabidi nilikunje mara tatu. Vijani vyake vya juu, ukivipindua, vina rangi ya karafuu kavu. Ni spora hizo, chembe za uzazi zinazoshika nafasi ya mbegu. Makangaga mengi huziweka katika vidoadoa au mistari. Hili limejipaka upande mzima.

Alama hiyo ilimponza Linnaeus, Msweden aliyeipa mimea majina ya kisayansi. Mwaka 1753 makangaga yaliyojipaka hivyo aliyatia katika jenasi moja, yaani ukoo mmoja wa spishi, Acrostichum, ikawa nyumba ya wapangaji wasiojuana. Waliomfuata wamekuwa wakiwahamisha mmoja mmoja, na leo zimebaki spishi tatu hivi. Hili letu, Acrostichum aureum, halijahama.

DNA nayo ikaja na lake: ndugu wa karibu wa jitu hili la maji ya chumvi ni Ceratopteris, kimmea laini cha maji baridi, majani yamechanikachanika, kinachoota mabwawani na hata kwenye mpunga. Viweke pamoja, hakuna atakayekwambia ni ndugu. Hapa kwetu mtoto mgeni akipita mtaani wazee humuuliza, "Wewe wa nani?" Nasi wa mimea tumechelewa sana kuuliza hivyo; tulishughulika na sura.

Lakini kinachoninyima usingizi ni jani lenyewe. Mtaalamu wa mimea Mjerumani, Walter Zimmermann, alieleza mwaka 1930 kwamba jani la namna hii lilianza kama matawi: moja likawapita wenzake, ya pembeni yakalala bapa, kisha nyama ikajaza nafasi baina yao kama utando wa mguu wa bata. Si majani yote, maana kile kijani cha selaginela, kimmea kingine cha spora, chenye mshipa mmoja, kina asili yake mbali. Wapo wanaompinga Zimmermann, na mimi mwenyewe siyamezi yote. Ila leo nimelikuta kangaga changa limejikunja kama mkia wa kinyonga, chini limeshakomaa, ncha bado inakua. Jani la mwembe halikui hivyo. Tawi ndilo hukua kwa ncha.

Nikamweleza shangazi, nikitafuta maneno, kwamba hili tunaliita jani lakini pengine si jani hasa.

Kashika lile refu, kalipima kwa mkono.

"Nani kakwambia jani? Hili kuti. Kesho ukenda niletee mengine, banda la kuku linavuja."