Deni la kodi ya jengo Detroit: kutoka 31 Machi hadi fomu 5743

Kwa aliyezoea kodi ya jengo inayokatwa kidogo kidogo kwenye umeme wa LUKU, ni vigumu kuamini kwamba Detroit, Marekani, familia inaweza kupoteza nyumba nzima, isiyodaiwa na benki hata senti, kwa kodi ya mwaka mmoja tu iliyoachwa ikalala. Ndivyo sheria ya jimbo la Michigan ilivyo. Anayenunua nyumba ya bei ya chini huko aijue kalenda hii kabla hajachagua rangi ya kupaka.

Sheria yenyewe ni Namba 123 ya 1999. Zamani madeni ya kodi yaliuzwa kwa watu binafsi, na nyumba iliweza kukaa hata miaka saba bila mwenyewe anayeeleweka: paa linavuja, nyaya zinaibwa, mwisho jirani naye anahama. Bunge la jimbo lilitaka nyumba hizo zirudi mikononi mwa watu haraka. Nia ilikuwa njema, lakini kasi ile ile iliwakuta na waliokuwa bado wanaishi humo.

Chukua kodi ya 2023. Isipolipwa, tarehe 1 Machi 2024 deni linahamia kwa Mweka Hazina wa kaunti, ambayo kwa Detroit ni Wayne. Hapo linaongezewa ada ya asilimia 4 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Tarehe 1 Machi 2025 riba inapanda hadi asilimia 1.5 kwa mwezi, tena inahesabiwa kurudi nyuma hadi deni lilipohamia kaunti, na inaongezwa ada ya dola 175. Kisha mahakama inatoa hukumu, na siku ya mwisho ya kukomboa ni 31 Machi 2026. Siku inayofuata nyumba si yako tena. Hakuna askari anayekuja asubuhi hiyo, ndiyo maana watu huendelea kupika na kulala humo wakidhani mambo yametulia.

Kama pesa haitoshi kulipa miaka yote, maliza kwanza mwaka wa zamani zaidi. Huo ndio unaoipeleka nyumba mnadani. Anayegawa dola zake kidogo huku na kidogo kule anaweza kulipa maelfu na bado akaipoteza.

Kinachouma zaidi ni kwamba wengi hawakupaswa kudaiwa kiasi kile. Katiba ya Michigan hairuhusu nyumba ikadiriwe, kwa ajili ya kodi, zaidi ya nusu ya bei yake sokoni. Baada ya 2008 bei za Detroit ziliporomoka, lakini makadirio hayakushuka nazo, na tathmini mpya ya jiji zima ilikamilika 2017. Kati ya miaka hiyo maelfu ya nyumba zilipigwa mnada kwa madeni yaliyotokana na hesabu iliyozidi.

Tena sheria ya jimbo inampa mwenye nyumba maskini msamaha wa kodi, na Detroit unaitwa HOPE. Unaombwa kwa fomu 5737, pamoja na hati ya nyumba, kitambulisho na uthibitisho wa kipato cha kila anayeishi humo. Kwa kawaida msamaha ni wa mwaka husika na haufuti madeni ya nyuma, hivyo unaombwa upya. Maombi mengi hukwama kwenye hati: nyumba bado ina jina la bibi aliyefariki, na mjukuu anayeishi humo hajafungua mirathi mahakamani. Aliyenunua kwa awamu naye ahakikishe mkataba wake umesajiliwa kaunti. Na kabla ya kuutia saini, aulize kwa Mweka Hazina kama muuzaji ameacha deni kwenye anwani ile.

Kwa madeni ya nyuma, mwaka 2020 jimbo lilipitisha Sheria Namba 33. Aliyepata msamaha anafutiwa riba na ada, na anacholipa hakizidi asilimia 10 ya thamani ya nyumba inayotozwa kodi, kwa hadi miaka mitatu. Mpango huu uliwekewa ukomo, kwa hiyo thibitisha kwa kaunti kabla ya kupiga hesabu.

Mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya Michigan iliamua kesi ya Rafaeli dhidi ya Kaunti ya Oakland. Mtu alipungukiwa dola 8.41 za kodi. Nyumba ikauzwa dola 24,500, na kaunti ikabaki na pesa yote. Mahakama ikasema salio, yaani pesa inayobaki baada ya deni kulipwa, ni mali ya mwenye nyumba. Ndipo ikaja Sheria Namba 256: ukitaka salio lako, lazima fomu 5743, iliyothibitishwa na mthibitishaji wa saini (notary), iifikie kaunti si zaidi ya 1 Julai ya mwaka ule nyumba ilipochukuliwa. Baada ya mnada kuna ombi la pili mahakamani, kati ya 1 Februari na 15 Mei ya mwaka unaofuata, na asilimia 5 ya bei inakatwa. Ukikosa fomu ya kwanza, hiyo ya pili haikusaidii. Sioni haki yoyote hapo. Pesa ikishatamkwa kuwa ya mtu, inapaswa kumfuata yenyewe.

Nyumba nyingi zisizo na watu huishia benki ya ardhi, iliyowezeshwa na Sheria Namba 258 ya 2003. Hii haikopeshi pesa. Inasafisha hati mahakamani kwa nyumba nyingi kwa mpigo, kisha inauza. Mnada wa Detroit huanzia dola 1,000, na mnunuzi hupewa miezi sita kukarabati, la sivyo nyumba inaweza kurudishwa kwa benki hiyo. Hiyo dola 1,000 inadanganya sana. Kabla ya kutaja bei, shuka chumba cha chini ukaangalie: boila ya kupashia nyumba joto ipo au imeng'olewa, mabomba ya shaba yamekatwa wapi, na maji yaliyotuama yamefika ukuta upi. Mitaa mingi gharama ya matengenezo inazidi bei ambayo nyumba itakuwa nayo ikishakamilika, na kwa hiyo benki za mikopo zinakataa.

Mpango wa benki ya ardhi ninaoupenda kuliko yote ni ule wa viwanja vya pembeni. Jirani anayepakana na kiwanja kitupu, asiye na deni la kodi, anauziwa kwa dola 100. Mara nyingi ni yule yule aliyekuwa akikifyeka nyasi miaka yote.