Leo doa jipya limetokea

Wiki tatu nzima chupa yangu inageuka nyeusi tii. Najaribu kuunganisha pete mbili za kaboni kwa njia ya Suzuki, mmenyuko wa kemia unaoshikanisha kaboni kwa kaboni: upande huu bromini, upande ule asidi ya boroni, na kichocheo ni paladiamu, molekuli 2 tu kwa kila 100. Kila jioni nakuta kioo kimepakaa vumbi jeusi la metali, na kitu ninachokitaka hakipo.

Kumbe ni hewa. Oksijeni huiharibu paladiamu kabla haijamaliza kazi, tena huzifanya asidi za boroni ziungane zenyewe kwa zenyewe. Fundi wa maabara yetu, mzee mtulivu, ndiye aliyeniuliza, "Mwanangu, hewa ya kwenye chupa umeitoa. Je, iliyomo ndani ya kimiminika?" Sikuwa nimeitoa.

Basi leo nimepitisha naitrojeni kwenye kiyeyushi nusu saa nzima, mapovu madogo madogo, ndipo nikatia ule unga wa njano wa kichocheo. Weusi haukuja. Saa kumi nikaweka tone la mchanganyiko kwenye kibamba cha silika, kinachotenganisha vitu vilivyomo, kisha nikakitazama chini ya taa ya urujuanimno: doa jipya, moja, linang'aa buluu, yaani kitu kipya kimeundwa. Machozi yalinitoka, wallahi.

Akira Suzuki alipata Nobeli mwaka 2010 pamoja na Heck na Negishi kwa kazi ya namna hii. Losartani, dawa ya presha anayomeza mama yangu kila asubuhi, ina pete mbili zilizoshikana hivi hivi. Nimempigia simu kumwambia. Kesho nasafisha na kupima uzito.