Tunamficha nani? Faragha ya mtandaoni kutokea Mwanza

Husemwa mara nyingi, hasa katika semina za mijini, kwamba Watanzania hawajali faragha yao mtandaoni. Ushahidi unaotolewa ni ule ule: tunagawa namba za simu kwa kila anayeziomba, tunarusha picha za watoto katika makundi ya WhatsApp, na tunakubali masharti ya programu bila kuyasoma. Mimi ni mkazi wa Mwanza, na hukumu hiyo siikubali. Faragha tunaijali sana. Tunachotofautiana na mataifa mengine ni yule tunayemwogopa.

Nenda kwa wakala wa fedha za simu pale Mwaloni, Kirumba, asubuhi wakati biashara ya dagaa imepamba moto. Juu ya meza kuna daftari kubwa lililopigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, namba ya simu, kiasi, saini. Anayetia saini anaweza kusoma miamala ya wote waliomtangulia, na wa kwake utasomwa na wanaomfuata. Hivi karibuni nilimsikia mama mmoja akimtajia wakala namba yake kwa sauti iliyofika barabarani, lakini kijana yule alipouliza kama anatoa laki nne zote, mama aliinama juu ya meza na kumwambia, "Mwanangu, hela haitajwi hivyo mbele za watu." Kijana akajibu, "Nisamehe, mama," akaandika kimya kimya. Kampuni ya simu inalijua salio lake hadi shilingi ya mwisho, na hilo halimkoseshi usingizi. Anaowakwepa ni jirani wa kizimba cha pili, shemeji anayesubiri kukopeshwa, na jicho la husuda.

Ujerumani hofu imeelekea upande mwingine kabisa. Watu walioishi chini ya utawala wa Wanazi, na baadaye upande wa mashariki chini ya Stasi, polisi wa siri wa dola, walijifunza kwamba faili linaloandikwa na dola linaweza kumwangamiza mtu. Jimbo la Hesse lilitunga sheria ya ulinzi wa taarifa mapema mwaka 1970, na sensa ya mwaka 1983 ilipingwa vikali hadi Mahakama ya Katiba, Desemba mwaka huo, ikatamka kwamba mtu ana haki ya kuamua matumizi ya taarifa zake. Google ilipopeleka huduma yake ya picha za mitaa mwaka 2010, kaya zaidi ya 240,000 ziliomba nyumba zao zitiwe ukungu. Hata hivyo Ulaya yenyewe haina moyo mmoja: nchini Norwei, mapato ya raia yaliyotozwa kodi yanaweza kutazamwa na raia mwenzake, na tangu mwaka 2014 mtu anaweza kujua ni nani aliyemtazama. Utaratibu huo ukiletwa kandoni mwa ziwa letu, utazusha mafarakano katika koo nyingi.

Kwetu, usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofikia ukomo wake Januari 20, 2020, foleni zilikuwa ndefu, lakini malalamiko niliyoyasikia yalihusu kuchelewa kwa namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, zilizohitajika katika usajili huo. Sikusikia mtu akiuliza alama zake zinakwenda wapi.

Wanaochunguza tofauti hizi huanzia kwa Geert Hofstede, Mholanzi aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM na kuchapisha matokeo yake mwaka 1980. Katika kipimo chake cha mtu kujisimamia mwenyewe badala ya kuegemea jamaa zake, Marekani ilipata 91 na Afrika Mashariki 27. Namba hizo nazipokea kwa tahadhari, kwa kuwa Tanzania, Kenya, Ethiopia na Zambia zilijumlishwa kuwa kitu kimoja, na mvuvi wa Ukerewe hawakilishwi na karani wa kampuni ya kimataifa. Lakini mwelekeo wake nauona kila siku. Ndugu wa mtu akilazwa katika hospitali ya Bugando na fedha zikapungua, tangazo hutumwa katika kundi la ukoo, la kanisa na la waliosoma pamoja: picha ya mgonjwa kitandani, jina la ugonjwa, gharama ya upasuaji, na namba ya kutumia mchango. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa asiye na bima usemi huo ni maelekezo ya namna ya kuishi. Anayeita hali hiyo uzembe hajawahi kuchangiwa.

Udhaifu wetu umejificha hapo hapo, na wakopeshaji wa mtandaoni waliugundua mapema. Programu huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo katika simu. Mkopaji, ambaye kampuni ya mbali haimtishi, hukubali. Kisha akichelewa kulipa, ujumbe wa kumwita mdaiwa sugu unamfikia mama mkwe, mchungaji na mwenyekiti wa kikoba. Yule asiyeogopwa anamtia mkopaji mikononi mwa wale wanaoogopwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzifungia programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni, hatua niliyoifurahia, ingawa aibu iliyokwisha kusambazwa hairudishwi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Ni sheria nzuri, lakini inaelezwa kwa hofu za Ulaya, yaani mtu binafsi mbele ya kampuni na dola, wakati ibara ya 16 ya Katiba yetu inaitaja familia na unyumba wa mtu sambamba na maisha yake binafsi. Ningependa elimu ya Tume ianzie huko: daftari la wakala liache kusomwa na kila mteja, ruhusa ya kusoma majina ya simu ielezwe kuwa ni kumkabidhi mgeni ukoo mzima, na matangazo ya michango yasitaje ugonjwa kabla ya kumuuliza mgonjwa mwenyewe, ambaye mara nyingi yuko wodini na hajui kwamba picha yake imeshatumwa.